MREJESHO: Yule nyoka mwenye pembe wa Amani

Wakuu, narudi na majibu ya yule nyoka aliyeuawa na wachuma iliki huku Amani, Usambara Mashariki, niliyewauliza hapa ni wa aina gani. Ahsanteni sana mliojibu.

Ni kipiri wa miti mwenye pembe, Atheris ceratophora, anayepatikana Tanzania pekee. Kilichomtambulisha ni ule ushauri wenu wa kupiga picha ya kichwa kwa ubavuni, rula ikiwa kando: vipembe vyake ni magamba yaliyosimama juu ya jicho. Kifutu wa Gabon, niliyemdhania mwanzo, vyake viko puani. Urefu sentimita 41. Rangi haikusaidia kitu. Wapo wa njano, wa kijivu, hata weusi.

Kuhifadhi ndiko nilikoharibu. Nilimtumbukiza kwenye spiriti bila kumpasua tumbo, haikupenya, akaoza kwa ndani na rangi ikapauka. Afadhali picha zilitangulia. Na mshikeni kwa koleo, maana kichwa cha nyoka aliyekufa bado huweza kung'ata.

Dawa mahsusi ya sumu yake haipo. Akimng'ata mtu: vueni pete, kiungo kisitikisike, msichanje, hospitali moja kwa moja.