Mrejesho: Shimo la takataka, darasa la pili

Wakuu, salaam. Mwezi wa pili niliwauliza nitawafundishaje watoto 74 wa darasa la pili habari za taka bila kuwakaririsha tu kwamba "mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka". Mmoja wenu akasema: fukieni taka, kisha mfukue. Tumefanya.

Tulifukia ganda la ndizi, karatasi ya daftari, kipande cha kanga kuukuu na rambo (mfuko wa plastiki, yale yaliyopigwa marufuku Tanzania Juni 2019, ila kulipata haikunichukua dakika tano). Kosa langu, sikuweka alama. Mvua zikanyesha, nusu kipindi tukapekua kama kuku.

Baada ya wiki nane ganda halipo, karatasi imebaki ujiuji, kanga inachanika kwa kidole. Rambo likatoka zima, maandishi yanasomeka. Katoto kamoja kakauliza: "Mwalimu, hili litaoza lini?" Nikamwambia hata mimi nitazeeka nikaliacha. Darasa likanyamaza, jambo ambalo kwangu ni nadra sana.

Sasa maganda yanakwenda kwenye shimo la mboji, na maji ya kibuyu chirizi cha kunawia mikono tumeyaelekeza kwenye mchicha. Mama mmoja amekuja kulalamika: mwanawe hamruhusu kuchoma plastiki jikoni kuwashia mkaa.