Muvi za zamani za kujifunzia Kiingereza cha upole, nisaidieni wakuu

mapokezi_karatu:
Wakuu habari za jioni. Nipo mapokezi kwenye lodge moja huku Karatu, wageni wengi ni watu wazima wa Uingereza na Marekani wanaopita kwenda Ngorongoro. Grama haina shida, ila bosi anasema sisi wa mapokezi tunaongea kama tunatoa amri, mgeni akiomba kuhamishwa chumba anajibiwa "No, we don't have" basi imeisha. Shule haikutufundisha kukataa kwa upole. Jamaa mmoja kaniambia niangalie muvi za zamani. Nianze na ipi, na je sitasikika kama babu zao?

binti_ngamiani:
Anza na 12 Angry Men ya 1957 aisee. Wanaume 12 wamefungiwa kwenye chumba cha mahakama wanaamua kesi ya mauaji, karibu muvi nzima ni maongezi tu, hakuna risasi wala magari ya kukumezea maneno. Kura ya kwanza 11 wanasema kijana ana hatia, Henry Fonda peke yake anakataa. Sasa sikiliza ANAVYOKATAA. Hamkomalii mtu kwamba kakosea, yeye anakwambia "it's possible", anauliza swali, anamwachia mwenzie njia ya kubadili mawazo bila kuaibika. Halafu kuna yule mhamiaji fundi saa, Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa lakini mle ndani hakuna anayemfikia kwa adabu. Mmoja anamfokea mbona uko mpole hivyo, anajibiwa ni kwa sababu ileile inayokufanya wewe usiwe mpole, ndivyo nilivyolelewa. Kwa sisi tuliojifunzia darasani huyo ndiye wa kumfuata.

Chai ya Rangi:
Naunga mkono, ila kuna ya kuacha humohumo. "How do you do" imezeeka, mgeni akishuka kwenye gari mwambie "good afternoon, welcome, how was the drive?" inatosha. Na usikazanie lafudhi. Angalia My Fair Lady ya 1964, ile sehemu ya mbio za farasi Ascot. Audrey Hepburn ni muuza maua wa mtaani London, profesa kamnyoosha matamshi na kamwambia aongelee mambo mawili tu, hali ya hewa na afya za watu. Anasalimia mmoja mmoja safi kabisa, ila hiyo afya inampeleka kwenye kifo cha shangazi yake na kwamba anaona kuna watu walimmaliza, wenyewe wamebaki wanamwangalia tu. Sauti imenyooka, maongezi yameenda kombo. Tazama nani anamwambia nani nini na wakati gani, hapo ndipo upole ulipo.

kaka_mzizima:
Ongeza To Sir, with Love, 1967. Sidney Poitier ni mwalimu mweusi anafundisha watoto watukutu mashariki ya London, anawataka wamwite "Sir" na wasichana waitwe "Miss" na jina la ukoo. Mtu wa mapokezi anasema "sir" siku nzima, humo utaisikia inavyobadilika kadiri wanavyomheshimu.

mapokezi_karatu:
Asanteni sana, nimeziandika zote. Sasa ile ya chumba niseme nini hasa? Na bando langu ni dogo jamani.

binti_ngamiani:
Sema "I'm afraid we're full tonight, but I could move you tomorrow morning. Would that be all right?" Umekataa, umempa kitu, umemwachia yeye aamue. Ukiangalia muvi kwa sikio hilo utaona wanafanya hivyo kila mahali, "could", "would", "perhaps", ndio zinalainisha. Bando: tafuta Charade ya 1963, Cary Grant na Audrey Hepburn, waliitoa bila tangazo la hakimiliki kama sheria ya Marekani ya wakati ule ilivyotaka kwa hiyo kule ni mali ya umma toka siku ya kwanza, unaishusha bure ukiwa kwenye wifi ya kazini. Chukua yenye maandishi ya Kiingereza chini, hizi zilizotafsiriwa na ma-DJ ni tamu ila zinafunika sauti unayoitafuta. Dakika 10 kwa siku, simamisha, rudia sentensi kwa sauti mpaka ulimi uzoee, kisha kesho yake itumie kwa mgeni wa kwanza.