Tupeane uzoefu: ulidai haki yako hospitalini, ikawaje?

Dada wa Kibuye
Hamjambo wote. Mwenye kisa akiweke hapa, bila kutaja jina la hospitali wala la daktari. Naanza mimi.

Mama ni mgonjwa wa presha, nampeleka kliniki hapa Kisumu. Juzi daktari alimbadilishia dawa huku simu iko sikioni, akatusukumia karatasi. Nikauliza: "Samahani daktari, hii ni ya nini, na ile enalaprili aiache?" Akasema famasi wataeleza. Sikuinuka. Nikamwambia anayemtibu ni yeye. Akakata simu, akaeleza vizuri: enalaprili huwaletea watu wengine kikohozi kikavu, ndiyo sababu anampa losatani. Mama alikuwa amekohoa wee, tukimnunulia dawa za kifua ovyo! Nilipomweleza kwa Kijaluo alishusha pumzi.

Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, hatari na gharama zake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo ulizeni, hata foleni ikiwa ndefu.

Kijana wa Kaptembwo
Yangu ni ya Nakuru. Ndugu yangu aligongwa akiwa kwenye boda, barabara ya kwenda Njoro. Tukakimbilia hospitali ya kibinafsi iliyokuwa karibu. Mguu nimeufunga kwa shati langu, damu inapenya, na kashia anataka dipoziti kwanza. Nikamsihi, akarudia lile lile. Mzee mmoja tuliyemkuta kwenye benchi akasimama, akamwambia kwa upole kabisa: "Binti yangu, Katiba, Kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kama mmekataa, mwandikie huyu kijana na uweke jina lako." Kashia hakuandika. Alimwita daktari wa zamu.

Walizuia damu, wakamtundikia maji, wakatafuta ambulensi ya kumpeleka hospitali kubwa. Sheria inahesabu yote hayo kuwa matibabu ya dharura, hadi mipango ya rufaa. Hospitali yenye uwezo ikikataa, faini yaweza kufika shilingi milioni 3. Lakini msidhani ni bure: bili ilikuja, na tulichangishana.

Mama wa Lurambi
Mimi matokeo yangu yalisomwa dirishani, foleni nzima ikisikia. Nilinyamaza siku hiyo. Safari iliyofuata niliomba mapema tuzungumzie chumbani, wakakubali. Siri ya mgonjwa ni haki yake.

Mtoto wa Webuye
Binamu yangu alijifungua kwa upasuaji, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha akazuiliwa wodini kwa sababu ya bili. Analala kitanda kimoja na mwenzake, mtoto katikati. Shangazi alienda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, wakaandikiana kulipa kidogo kidogo, akatoka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuilia mama kwa deni la hospitali ni kuvunja haki zake. Na kwetu Bungoma, 2018, mahakama ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni na kupigwa makofi na wauguzi. Nawaambia akina mama wa kwetu wajue hilo.

Nesi wa Siaya
Nimesoma yote, na yameniuma. Usiku tunaweza kuwa wawili kwa wodi nzima, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kumpiga mama mjamzito. Ombi langu: fomu ya upasuaji isomeni kabla ya kutia sahihi. Mwulizeni daktari atakata wapi, kwa nini, na msipokubali kuna njia gani nyingine. Nanyi mtuambie ukweli kuhusu dawa mnazotumia, za kienyeji pia.

Kijana wa Kaptembwo
Asante sista. Sasa malalamiko yanapelekwa wapi?

Nesi wa Siaya
Anza na msimamizi wa hospitali, kwa maandishi. Lazima yachunguzwe. Usiporidhika, ya daktari yapeleke kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Ya nesi yapeleke kwa Baraza la Wauguzi. Andika tarehe, saa na wodi. Barua ibebe nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka pale ofisini.