Burundi iliwezaje kupeleka jeshi Somalia, na nani alilipa?

Mchambuzi_K
Wakuu, naomba ufafanuzi. Burundi iliingiaje AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika cha kulinda amani Somalia, wakati bajeti yake yenyewe inategemea wafadhili? Hela zilipita wapi mpaka zimfikie askari?

Ruvubu
Azimio 1744 la Baraza la Usalama la UN, lililoidhinisha AMISOM, lilitoka Februari 2007. Waganda walitua Mogadishu Machi, Warundi Desemba. Askari walikuwepo, kilichokosekana ni usafiri na vifaa. Hapo ndipo nchi ndogo hukwama: ahadi hutolewa siku moja, ndege na magari ya deraya husubiriwa miezi.

Msosi nao. Mwaka 2009 askari wa AMISOM walianza kuvimba miguu, wengine wakafa. Ilikuwa beriberi, yaani upungufu wa vitamini B1 kwa sababu ya mlo wa aina chache. Azimio 1863 la Januari mwaka huohuo ndilo lililoipa UN jukumu la kuhudumia vikosi: chakula, mafuta, matibabu.

Mhasibu wa Ziwani
Upande wa hela: Umoja wa Ulaya uliipa Umoja wa Afrika, nao ukatuma Benki Kuu ya Burundi, ndipo askari akalipwa. Posho ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi. Serikali ikikata 200, anabaki na 828. Januari 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake wa posho kwa 20%. Juu ya hapo, kwa sababu ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza wa Burundi, ikagoma pesa zake kupitia serikalini. Posho zikakwama miezi kadhaa, Bujumbura ikatishia kuondoa vikosi, hadi mwanzoni mwa 2017 wakakubaliana zipitie benki ya biashara.

Usichanganye na MINUSCA, misheni ya UN huko Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kule UN haimlipi askari mshahara, inaifidia serikali: kuanzia Julai 2018 hadi 2022 ilikuwa dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi. Wakaguzi wakikuta magari yaliyoahidiwa hayapo au ni mabovu, fidia hiyo inaweza kukatwa hadi 35%.

Mchambuzi_K
Kwa hiyo walifuata dola tu?

Ruvubu
Dola zilivuta, nani abishe. Lakini angalia kalenda: ONUB, misheni ya UN ndani ya Burundi, ilifungwa Desemba 2006. Jeshi lilikuwa limetoka kuunganisha askari wa jeshi la zamani na wapiganaji wa FDD, waliokuwa waasi, na Makubaliano ya amani ya Arusha ya 2000 yanakataza kabila moja kuzidi nusu yake. Kwangu mimi, kuwapa watu hao adui mmoja mbali na nyumbani kulikuwa na thamani kuliko posho. Na vile vitisho vya 2017 havikuwaondoa. Walibaki hadi ATMIS, misheni iliyorithi AMISOM, ilipofungwa mwisho wa 2024.