MREJESHO: Ile ishu ya kukatwa mshahara kisa sahani na kuchelewa

Wakuu habari zenu, mi ndo yule mhudumu wa mgahawa hapa Tanga niliyeuliza kama bosi anaruhusiwa kutupiga faini ya kuchelewa na kukata mshahara kisa sahani zilizovunjika. Nimeenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, wakanionyesha kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya 2004. Kumbe hasara unaweza kukatwa ila lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa lako kweli, bosi akupe maandishi yenye sababu na kiasi na hesabu alivyoipiga, upewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Mi sikupewa hata kikaratasi jamani, inauma sana! Faini ya kuchelewa ndo haimo kabisa, hilo ni la nidhamu, unapewa onyo.

Nikajaza fomu, bure, bosi akaitwa kwenye usuluhishi, akakubali kurudisha. Nusu nishapata, iliyobaki mwisho wa mwezi. Sasa nawasukuma wenzangu wa jikoni nao waende mapema maana malalamiko kama haya yanapelekwa ndani ya siku 60.