Wametuangalia karte za uchaguzi mlangoni, halafu wakatutoa nje kama watoto

Ndugu zangu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na nitaandika nikiwa na hasira hiyohiyo. Atakayekwazika apite uzi mwingine.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na usiku wa vichekesho hapa kwetu Lubumbashi, Kongo. Sitaji ukumbi wala mchekeshaji, kwa sababu kijana wa watu bado anataka kufanya kazi katika mji huu. Tangazo lilibandikwa kila kona mpaka Kamalondo, herufi nyekundu: WAKUBWA TU, MIAKA 18 KWENDA JUU. Mlangoni walikuwepo mabodigadi, wanaomba karte ya uchaguzi kwa kila mtu, hata kwa papa mmoja mwenye mvi kichwa kizima ambaye wajukuu wake labda wamekwisha kuoa. Kijana mwingine alijaribu kupita na karte ya kaka yake, wakaangalia picha, wakamrudisha. Nilifurahi kweli. Nikasema afadhali, kuna watu wanaojua kazi. Tukakaa, tukaagiza bia ya Simba baridi. Na umeme ulikuwepo, jambo ambalo kwa anayeishi hapa tayari ni nusu ya burudani.

Mchekeshaji hakufikisha hata nusu saa. Wakaingia watu wa ofisi moja, polisi nyuma yao, mkononi karatasi yenye muhuri. Eti maneno machafu, eti maadili mema. Mikrofoni ikazimwa, taa zote zikawashwa, tukaambiwa tutoke. Mama mmoja aliuliza kwa adabu kabisa ni neno gani hasa limewakwaza. Akajibiwa, "Mama, usituletee siasa." Siasa ya wapi? Kichekesho chenyewe kilikuwa cha mume anayemficha mke wake mshahara, halafu pesa inapatikana ndani ya soksi ya marehemu shangazi! Nilipokwenda kudai pesa ya tiketi, mwenye ukumbi akanyanyua mabega: aliyefunga ni Leta, yaani serikali, nenda ukaidai Leta. Dola kumi. Leta gani itanirudishia mimi dola kumi?

Lakini pesa siyo inayonikosesha usingizi. Ni ile karte. Sisi wote hapa tunajua kwamba karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu. Ndiyo unaonyesha kwenye barriere ya polisi barabarani, ndiyo unaandikishia laini ya simu. Na maana yake ya kwanza ni kwamba umefika miaka 18, una akili ya kuchagua rais wa Jamhuri. Desemba 2023 nilisimama mstarini na karte hiyo mpaka giza likaingia, na hakuna ofisi iliyokuja kuniambia, papa rudi nyumbani, ahadi za wagombea zinaweza kukuharibu. Kwenye uchaguzi akili yangu inatosha. Kwa soksi ya shangazi haitoshi.

Sasa sikilizeni kilichonimaliza kabisa. Tumetoka nje, bado tunabishana barabarani. Ng'ambo ya barabara kuna nganda, baa ya pombe, yenye televisheni kubwa kama ukuta. Video inayocheza ni ya nje, wasichana wamevaa uzi na shanga, kamera imeinama chini kabisa, mwajua wenyewe. Na mbele ya televisheni hiyo, saa tatu ya usiku, watoto wanauza mayai ya kuchemsha na kalanga. Watoto wa miaka minane, tisa, sinia kichwani, macho kwenye video. Wale watu wa ofisi walipita palepale kwenda kwenye gari yao. Hakuna aliyegeuza shingo.

Kwa hiyo tusidanganyane. Ndani ya ukumbi wenye mlango, bodigadi na karte, hakukuwa na mtoto hata mmoja. Nje kulikuwa na watoto, na hakuna aliyewajali. Aliyefungiwa ni yule aliyeandika jina lake na namba ya simu kwenye tangazo. Yule wa kwenye video hana namba ya simu hapa, kwa hiyo ana maadili mema.

Hili ndilo lalamiko langu, na nataka mlijibu hilo, siyo lingine: kukagua kwetu kunamkamata anayepatikana, hakumkamati anayekosea. Na anayepatikana sikuzote ni msanii wa kwetu.

Historia mnaijua. Mwanamuziki Franco alitiwa gerezani mwaka wa 1978 kwa nyimbo zilizosemwa ni za matusi. Haya, tuseme zilikuwa za matusi. Miaka sita baadaye, 1984, sauti ileile ndiyo ilimpigia Rais Mobutu debe la uchaguzi, na suala la matusi likawa halina mwenyewe. Wazee wetu wanakumbuka pia enzi za Mobutu tai ilivyokuwa kosa, wigi kosa, mama kuvaa suruali kosa. Leo aliyeandika makatazo yale hayupo, na mama zetu wanavaa suruali wanakwenda nazo sokoni, mbingu haijaanguka.

Mwimbaji Tshala Muana, mtoto wa mji huu, amezaliwa hapahapa mwaka wa 1958. Miaka yote watu wanasema kiuno, kiuno, mutuashi, ngoma yake, ni kiuno. Unajua kilichomfikisha kwenye mikono ya usalama? Siyo kiuno. Ni wimbo wa "Ingratitude", Novemba 2020, ambao haukutaja jina la mtu yeyote, ila watu walisikia mwanafunzi asiye na shukrani kwa mwalimu wake na kila mmoja akajaza jina mwenyewe. Akakamatwa Kinshasa, kesho yake akaachiliwa. Mama wa umri ule, msanii wa heshima ile! Amefariki Desemba 2022 na sasa kila ofisi inamsifu.

Mwaka mmoja baada ya kukamatwa kwake, Novemba 2021, ikawa zamu ya vijana wa kundi la muziki la MPR na "Nini Tosali Te". (Jina la kundi tu lilinichekesha, vijana wa leo wanajiita kama chama cha Mobutu.) Wimbo unauliza nini ambacho sisi wananchi hatujafanya kwa nchi hii. Tume ya taifa ya kukagua nyimbo na maonyesho ikatoa amri redio na televisheni zisiupige. Sababu iliyotajwa haikuwa maneno yake. Ilikuwa karatasi: hawakuleta wimbo ukaguliwe kabla ya kutoka, kama inavyotaka amri ya mwaka wa 1996. Nchi ikapiga kelele, na haikupita muda ruhusa ikapatikana. Maneno hayakubadilika hata moja! Yaani yaleyale yaliyokuwa hatari yakawa salama, kwa muhuri. Na mtu yeyote ambaye alikuwa hajausikia, mpaka mama yangu mkubwa kule Likasi ambaye Lingala haielewi vizuri, aliutafuta kwenye simu kwa sababu umekatazwa.

Ndugu wa Katiba watakuja na kifungu cha 23, najua. Kinasema uhuru wa kutoa mawazo kwa maneno, maandishi na picha, na palepale kinaongeza: kwa kuheshimu sheria, utulivu wa watu wote na maadili mema. Na cha 46 kinarudia mkia huohuo kwa wasanii. Sikatai, mkia upo. Swali langu ni nani anaupima, kwa kipimo gani, na je, analazimika kuniandikia sababu? Karatasi ya Jumamosi ilikuwa na mistari minne na muhuri mkubwa kuliko maneno. Hakuna neno lililotajwa. Hakuna kifungu. Hakuna pa kukata rufaa. Mchekeshaji mwenyewe hadi leo hajui ni kichekesho kipi akitoe ili aruhusiwe tena, kwa hiyo atatoa vyote, na ndivyo wanavyotaka.

Tusidhani ni ugonjwa wa kwetu peke yake. Tanzania BASATA, baraza la sanaa la taifa, waliufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Novemba 2018, na Desemba wakawazuia wenyewe kupanda jukwaani. Huku kwetu wimbo huohuo ulikuwa unachezwa kwenye arusi, na mabibi harusi wakiwa mbele. Kenya walikataza filamu ya "Rafiki" mwaka huohuo. Halafu Septemba mahakama kuu ya Nairobi ikasimamisha katazo kwa siku 7, na kusema watu wazima wanaotaka kuitazama waitazame. Kumbi zikajaa. Filamu hiyo ni ya wasichana wawili wanaopendana, na wengi wenu mtasema mngeikimbia. Sawa, kimbieni. Nami labda ningetoka katikati. Ninachokipenda ni yale maneno ya watu wazima wanaotaka. Hakimu hakusema filamu ni nzuri. Alisema tu mlango ufunguliwe kwa mwenye umri na hamu, na mwingine akae nyumbani ale bukari yake, ugali wake.

Huo mlango ndio tuliokuwa nao Jumamosi. Tulikuwa tumekwisha kuutengeneza wenyewe bila hakimu!

Na mniruhusu nikasirike pia kama mtu wa mji huu. Lubumbashi ndio mji wa Mufwankolo, kundi la michezo ya kuigiza. Mwaka wa 1986, Mobutu yuko juu kabisa, chama ni kimoja, kundi lile lilicheza kwa Kiswahili chetu mchezo mzima juu ya chifu, wazee wake na jinsi madaraka yanavyoliwa. Walijua kupita pembeni, walifunika maneno kwa ugomvi wa kijiji, lakini walisema, na mji mzima ulicheka kwa sababu ulielewa. Leo tuna vyama visivyohesabika, tuna redio kila kartiye, na mtu anazimiwa mikrofoni kwa soksi.

Najua jibu mnaloniandalia: watoto. Mimi nina watoto wanne, siyo mgeni wa jambo hili. Mwanzoni mwa 2025, mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa waasi, X na TikTok zilifungwa nchi nzima. Nani alinifundisha kuweka VPN, ile programu ya kupita katazo la mtandao? Mwanangu wa kidato cha pili. Alinichukulia simu, akafanya dakika mbili, akanirudishia, tena akanionea huruma. Mtoto huyo hawezi kulindwa na karatasi ya muhuri kwenye ukumbi ambao asingeruhusiwa kuingia. Analindwa na mimi kujua simu yake ina nini, na kama Leta inataka kusaidia, basi iangalie saa: video zile za nganda zisiangalie barabarani watoto wakiwa barabarani, televisheni za hapa ziache kutupa filamu za damu saa ya chakula cha jioni. Hiyo ni kazi. Lakini ni kazi inayochosha, ina wenye nganda wenye marafiki wakubwa, haina picha nzuri ya kuonyesha. Kufunga onyesho la kijana mmoja kunachukua robo saa.

Ninachotaka ni kidogo. Ukumbi uliokagua umri uachwe. Anayekataza aandike neno lililokosewa na asaini kwa jina, siyo kwa muhuri tu. Na waliolipa warudishiwe pesa na huyo aliyefunga.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, naongeza machache.

Kwa ndugu aliyesema "si uangalie kwenye simu tu, nani anakuzuia": ndiyo, naweza. Kwenye simu pesa yangu inakwenda kwa kampuni ya simu inayouza mega za intaneti, mchekeshaji hapati kitu. Jumamosi kulikuwa na mpiga gitaa, mtu wa sauti, mama wa michopo, nyama choma ya mbuzi, aliyenunua mbuzi mzima kwa mkopo. Simu haimlipi mama wa michopo.

Kwa mchungaji aliyeniandikia kwamba mtu mzima naye anahitaji mchungaji: Pasta, heshima yako ninaiweka juu. Niliyemchagua mimi ni wa Jumapili, na nilimchagua mwenyewe. Yule wa Jumamosi alikuja na polisi.

Kwa anayetaka jina la ofisi: halitoki hapa. Waliokuwepo wanaijua.

Na kwa huyu kaka anayecheka eti "mke wako anajua ulikuwa wapi usiku huo": anajua vizuri sana. Alikuwa kiti cha pembeni yangu, tiketi ni yeye aliyezinunua, na tangu siku ile anatafuta soksi zangu.