Naomba ushauri: robota ya Kicheki niitafsiri vipi?

Ndugu wapenzi wa lugha, ninaandaa somo fupi la asili ya maneno kwa wanafunzi wa chuo, na nimekwama kwenye neno roboti. Kiingereza kililipata kutoka Kicheki kupitia tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, ingawa mwenyewe alieleza kwamba aliyelibuni ni kaka yake Josef, aliyekuwa mchoraji. Neno hilo limetokana na robota, yaani kazi ya lazima ambayo wakulima waliwafanyia makabaila mashambani mwao, hadi ilipofutwa katika milki ya Austria mwaka 1848.

Ugumu wangu ni kwamba Wapolandi husema robota wakimaanisha kazi yoyote ile, na Warusi husema rabota kwa maana hiyo hiyo, ilhali rab kwa Kirusi ni mtumwa. Je, robota ya Kicheki niiite shokoa (kazi ya kulazimishwa), neno ninalolipenda lakini ambalo vijana wengi hawalifahamu, au utwana (hali ya utumwa)? Tena, nikigusia kwamba Arbeit ya Kijerumani ina nasaba moja na maneno haya, nitawafafanulia wanafunzi au nitawachanganya?